Kigingi Kisimani

Niliota jana usiku nimekwenda kuteka maji, na kisima tulichochimba mimi na mume wangu Mbelwa kwa mikono yetu nikakikuta katikati ya uwanja wa gofu.

Pembeni amesimama msanifu wa uwanja. Kavaa suti na tai, na juu ya shingo, badala ya kichwa, ana mpira mweupe wenye vishimo vishimo.

"Shikamoo," nikamwambia, maana adabu ni adabu.

Hakuitikia. "Mama, umetufaa sana. Uwanja ulikuwa rahisi mno, wachezaji wakanung'unika. Sasa mpira utatumbukia humu, mtu apate uchungu kidogo. Kisima chako ndio ugumu wenyewe."

"Ugumu? Wanangu wanakunywa maji haya!"

"Kunywa ni kosa. Sasa hiki ni kizuizi cha maji cha mchezo, hakiguswi."

Hasira ikanipanda. Nafungua mdomo nimpashe, mara bendera ya shimo inaniinamia sikioni.

"Shhh! Mtu anapiga. Sheria inataka wote kimya."

Kweli, kule kilimani kuna bwana kainua fimbo. Sauti yangu inashuka kifuani na kukaa huko. Kijiji kizima kimepangwa nyuma ya kamba, midomo imefungwa. Jogoo wa jirani yangu Mama Shekifu kajiziba kwa bawa. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi anakatazwa kulia. Tunangoja bwana apige. Hapigi. Anachezesha kiuno, anapima upepo, anachezesha kiuno tena. Mahindi yanakomaa na kuvunwa, yeye bado.

Mara niko jikoni kwangu. Sufuria imejaa mchanga mpaka juu.

"Mimi sasa ni shimo la mchanga la uwanja," sufuria inasema. "Ukinichota, unisawazishe."

Naipiga teke sufuria, mwendawazimu huyu, na teke linanirudisha kisimani. Kisima kinaniita, sauti imekauka.

"Mama Hoza, wamenipigilia kigingi chekundu mdomoni. Hata kukohoa siwezi."

Hapo sikujali tena nani anapiga. Nikakishika kigingi kwa mikono miwili, nikavuta, na sauti yote niliyobanwa nayo ikatoka.

"Maji haya ni yetu! Hamtachezea hapa!"

Kule kilimani fimbo ikakosa mpira. Msanifu akawa mwekundu kichwa kizima.

"Adhabu! Pigo moja!"

"Njoo unipige basi!" nikamjibu, na nilimaanisha.

Nikaamka nimekaa kitandani, koo linawasha. Mbelwa alikuwa anaingia na ndoo tupu.

"Mama Hoza, kisimani kuna watu wa ile kampuni inayotaka kujenga uwanja wa gofu," akasema kwa kunong'ona. "Wanadai jana jioni walipigilia kigingi pale, leo hakipo. Wamekataza watu kuteka mpaka ajulikane aliyeking'oa."

Nikafungua kiganja. Kibanzi cha mti kilikuwa kimenichoma chini ya kidole gumba, kina rangi nyekundu.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti. "Nipe hiyo ndoo."