Kigango cha Simiti

Mume wangu Mwambire alijua simiti, hilo simnyimi, ingawa hasira zangu naye hazijesha. Ungepita Matsangoni mwaka ule wa ukame, themanini na nne, ungeona kazi zake zimepangwa kando ya barabara: vyungu vya maua, nguzo fupi za baraza, na simba wa kukaa langoni wawili wawili. Mchanga wa ufuoni hakuutaka kwa sababu ya chumvi. Aliagiza wa mto Sabaki, nami nikauchekecha mpaka vidole vikachubuka. Simba wake walikuwa na nyuso za watu waliovimbiwa. Nikimwambia hivyo ananuna kutwa, lakini wenye majumba ya ufuoni walikuwa wakiwachukua.

Baba yake, marehemu mzee Kaingu, alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima. Mtu wa Gohu akifa huchongewa kigango, ubao mrefu wa mti mgumu wenye kichwa cha duara na pembetatu zilizokatwa kifuani. Kikishasimamishwa hakiondolewi, maana pale ndipo alipo mzee mwenyewe. Mavyaa wangu Kabibi, ambaye macho yalikuwa yameshaingia giza, alimwendea mumewe pale kwenye kigango chake kila kulipokucha. Alimpapasa kuanzia kichwani, akaweka kidole kwenye ufa wa bega la kushoto, akammiminia tembo la mnazi kidogo miguuni na kumpa habari za nyumbani. Nilikuwa nikimsikia akinisengenya huko, kwamba natia chumvi nyingi.

Kisha vigango vikaanza kuibwa. Wageni walivitaka kwa kupamba sebule zao, na vijana wasio na haya wakaviuza. Mwambire akaingiwa na hofu, na dawa ya kila kitu kwake ilikuwa moja. Akachimba kuzunguka miguu ya baba yake, akapanga mawe, akamwaga simiti, akaisawazisha kwa mwiko hadi ikang'aa.

Asubuhi mavyaa alimimina tembo lake kama kawaida. Likatiririka juu ya simiti, likamrudia miguuni mwake mwenyewe.

"Mbona hanywi?" akauliza.

"Ni simiti, mayo," Mwambire akamjibu mama yake. "Sasa hata trekta haimng'oi."

"Umemziba baba yako kinywa, mwanangu. Na ukame huu! Ibomoe."

Mwambire akasema ataibomoa. Nami nikamwambia bomoa leo. Akasema simiti haijakauka vizuri, kisha kuna vyungu vya watu, kisha nyundo imeazimwa. Moyoni alikuwa akiionea fahari ile kazi, na mimi nilijua.

Wezi hawakuhangaika kumng'oa. Walimkata kwa msumeno pale pale simiti ilipoishia. Aliyegundua ni mavyaa. Nilimkuta amesimama, mkono wake unatafuta hewani, unashuka, unatafuta tena, mpaka ukafika chini kwenye kisiki. Alikaa juu ya ile simiti, na tangu siku hiyo akawa anakula vijiko viwili vitatu tu.

"Msinizike kabla hajarudi," alituambia. "Nikimkuta huko akaniuliza miguu yake iko wapi, nitamjibu nini?"

Mwambire alizunguka maduka ya vinyago Malindi nzima, akarudi mikono mitupu. Mavyaa akazidi kukonda.

Ndipo tukaitwa kwenye hoteli moja Kikambala. Meneja wake, Bwana Phineas, alitaka mapambo ya simiti ya kusimamisha kwenye njia ya bustani, na akatupeleka mapokezi kutuonyesha mfano. Mzee Kaingu alikuwa ameegemezwa ukutani kando ya chungu cha maua, amekatwa magotini. Ufa wa bega ulikuwa pale pale.

"Huyu ni baba yangu," Mwambire akasema.

Bwana Phineas alicheka, wala si kwa ubaya. "Kila Mgiriama anayeingia hapa hunitajia baba yake. Nimekinunua dukani, kama nilivyonunua viti. Kazi unaitaka au huitaki?"

Tulikwenda kwa chifu. Chifu akataka mashahidi wasio wa ukoo wetu. Nani mwingine angejua bega la mzee Kaingu? Hapo Mwambire akageuka, akarudi hotelini, akaikubali ile kazi. Nilimtukana njia nzima.

"Nitapata kumshika," akanijibu. "Wewe huoni kuwa mayo anakufa?"

Alimpaka baba yake mafuta, akamlaza juu ya udongo laini wa mfinyanzi, akamkandamiza taratibu kama anayemlaza mgonjwa. Alipomwinua, udongo ulikuwa umeshika kila pembetatu, hata ule ufa. Katika kalibu hiyo akawamwagia hoteli mapambo yao yote, kisha akamwaga moja zaidi, refu kidogo, lenye miguu.

Alilisugua kwa msasa siku nyingi. Akalipaka udongo mwekundu na mafuta ya nazi. Nikamwambia mama yako si mjinga. Alilisimamisha mahali pa mzee tangu asubuhi, jua kali la ukame likalipiga mchana kutwa, na alasiri ndipo akamshika mama yake mkono.

"Amerudi, mayo."

Mavyaa akapapasa kichwa. Akashuka kifuani, akaenda begani, kidole kikaupata ufa. Uso wake ulifunguka, na nikaona haya kuutazama.

"Ana joto," alisema. "Wamemrudisha na joto lake."

Jioni hiyo alikula ugali wote na mchuzi wa mchicha, akanilaumu kwa chumvi. Mwambire alinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi pamoja naye.

Kulipopambazuka mavyaa alichukua kata yake ya tembo akaenda kumwamkia mumewe. Umande ulikuwa umeanguka. Tulisikia kata ikianguka, kisha kilio, kile kilio kirefu cha msibani ambacho wanawake wa kwetu hukitoa maiti ikiwa bado ndani. Tukatoka mbio. Alikuwa amelikumbatia lile zege kwa mikono yote miwili, shavu lake limelazwa kwenye lile bega lenye ufa.

"Mwambire, njoo umshike baba yako," alisema. "Jana alikuwa na joto. Leo ni wa baridi. Amekufa, mwanangu, amefia mikononi mwetu."

Mwambire aliunyosha mkono, akaugusa ule ubaridi, akaurudisha. Majirani walikuwa wameshaanza kuja na leso zao viunoni, wakiuliza ni nani aliyefariki.