Fahali wa Chama Yupo

Verediana alifika kwenye zizi la chama kabla umande haujakauka, akimvuta ng'ombe wake kwa kamba ya katani. Ng'ombe hakulala usiku ule. Alilia, akawapanda wenzake, na kila mfugaji angejua kwamba anataka dume. Hali hiyo haimngoji mtu. Ikipita, mwenye ng'ombe anarudi nyumbani kusubiri upya.

Zizi lilikuwa limefagiliwa vizuri, na ndani hakukuwa na kitu.

"Kamwene, karani," alisema Verediana. "Meja yuko wapi?"

Liberatus, karani wa chama, alikuwa ameegemea lango akichonga penseli.

"Kamwene, mama Timotheo. Fahali yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo kwa mwenyekiti."

Meja alikuwa fahali wa wafugaji wote wa Itambogelo, kilima kilicho nyuma ya Mlandege. Walichanga mahindi, wakamnunua Mbeya kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, naye akaja kwa lori kupitia Chimala na Igawa, amesimama njia nzima. Siku alipofika, chama kilitoa amri mafahali wa kienyeji wote wahasiwe, ili mbegu isichafuke. Walihasiwa. Kisha kila nyumba ikapewa zamu ya kumletea Meja majani na chumvi, na Verediana hakukosa zamu hata mwaka alipofiwa na mumewe.

Sasa alimhitaji kuliko wengine. Mwanawe, Timotheo, alikuwa amemposa Lusia, binti wa mzee Ambrosi, na Ambrosi alikwisha kusema kwamba mahari ataipokea wakati wa mavuno, na ng'ombe awe na mimba. Ng'ombe mtupu, alisema, hata yeye anaye.

Mwenyekiti Kalinga alikuwa amekaa barazani kwake, vifungo vya koti vimefunguliwa. Kabla Verediana hajabisha hodi, Meja alilia kutoka tumboni mwa mwenyekiti: mlio uleule mzito, wenye mkwaruzo mwishoni. Ng'ombe akamponyoka Verediana, akapanda baraza, akaanza kumramba Kalinga shingo.

"Mshike ng'ombe wako, mama."

"Mmemla," alisema Verediana.

"Kamati ilikaa," alijibu Kalinga.

Kamati ilikuwa imekaa Jumatatu ya Pasaka. Iliona kwamba fahali anachechemea, ikaamua achinjwe kwa faida ya wanachama. Kwa kuwa wanachama walikuwa wengi na fahali ni mmoja, ikamla kwa niaba yao. Matokeo yalionekana kesho yake. Sedekia, mweka hazina, aliyekula mkia, hakutuliwa tena na nzi. Walifukuzwa hewani kabla hawajamfikia. Gideoni, aliyepewa paja la nyuma, aliwapiga teke watu waliompita upande wa kushoto, kisha akawaomba radhi. Kalinga alikula ulimi, koo na moyo, kama cheo chake kilivyotaka, na mlio ukabaki kwake. Kilimani watu walisema tu kwamba nyama ya Pasaka haijawashuka wakubwa.

"Sasa ng'ombe wangu apandwe na nani?"

"Lete hoja mkutanoni," alisema Kalinga, akiisukuma pua ya ng'ombe. "Sisi si watu wa kuficha mambo."

Hilo lilikuwa kweli. Alisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Verediana alimpeleka ng'ombe kilima cha pili. Huko walimpa togwa, wakampa pole, wakamwambia kwamba fahali wao ni wa wanachama wao. Ng'ombe akatulia njiani wakati wa kurudi, naye Verediana akajua kwamba hamu imepita.

Mkutano wa mwaka ulifanyika katika darasa la shule. Bwana Mifugo alikuja kutoka mjini kwa baiskeli, kwa sababu kanuni ilitaka fahali aonyeshwe mbele ya wanachama wote na akaguliwe na mtu wa serikali. Verediana alisimama wa kwanza.

"Kanuni inasema aonyeshwe," alisema. "Na aonyeshwe."

Kalinga alisimama, akavua koti, akakohoa kidogo. Meja alilia hata vumbi likadondoka kutoka kwenye dari, na huko nje ng'ombe wote wa kilimani wakamwitikia. Bwana Mifugo alitoa kipimo chake cha kusikilizia, akakiweka ubavuni mwa mwenyekiti, upande huu na upande ule. Akamzungushia utepe tumboni. Akamwomba afungue kinywa, akatazama meno.

"Fahali yupo," alisema. "Moyo mzuri, meno mazuri. Amenenepa kuliko mwaka jana. Naipongeza kamati."

Wakapiga makofi.

"Bwana Mifugo," alisema Verediana, "atampandaje ng'ombe?"

"Mama, mimi nimetumwa kuhakikisha kwamba yupo. Kazi zake ni juu ya uongozi."

"Uongozi ndio uliomla."

"Basi unamjua vizuri kuliko mimi," alisema Bwana Mifugo, akakunja utepe wake.

"Verediana!" mzee Eliezeri alipaza sauti kutoka nyuma. "Kama una haraka hivyo, kamfunge ng'ombe wako kitandani kwa mwenyekiti! Mkewe atasogea!"

Darasa zima likacheka. Walicheka zaidi wale waliokuwa na ng'ombe watupu nyumbani, na karibu wote walikuwa nao. Eliezeri alikuwa nao watatu.

Kisha Sedekia akatoa hoja. Kwa kuwa imethibitika kwamba fahali yu hai, alisema, zamu za kumlisha ziendelee. Ila kwa kuwa sasa anakaa ndani ya mtu asiyekula majani, yafaa wanachama walete kuku. Mikono ikainuliwa. Wa Verediana ulibaki mapajani. Liberatus aliuona, akaandika kwamba wote wamekubali.

Wakati wa mavuno mzee Ambrosi alikuja kwa Verediana, akamminya ng'ombe ubavuni kwa ngumi, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayojua haina watu.

"Mama Timotheo," alisema, "sina ugomvi na nyumba yako."

"Najua, baba."

"Gideoni ameleta mwenye mimba. Anamtaka Lusia kwa mwanawe."

"Mimba ya nani?"

"Ya Meja. Ng'ombe wa kamati walitangulia, si unajua." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Mbegu safi ile."

Timotheo alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba. Akaweka gogo jingine, kubwa zaidi.

Ndoa ya Lusia na mwana wa Gideoni ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama ilivyo desturi. Kila mara padri alitua baada ya majina, akawauliza waumini kama yuko anayejua kizuizi chochote, aseme. Verediana alikuwa upande wa wanawake, rozari mkononi. Jumapili ya tatu, padri alipouliza, Meja alilia kutoka benchi la mbele la wanaume, kwa sauti ndefu, bila kupumzika. Hakuna aliyegeuka. Padri alimngoja amalize, kama anavyongojewa mzee mwenye kikohozi, kisha akasoma majina yaliyofuata.