Leo Simchukui

Daktari alipopita asubuhi na kusema, "Mzee ameruhusiwa, nendeni nyumbani," majirani wa kitanda walimpongeza binti yake. Yeye alitabasamu kwa adabu tu. Alikuwa fundi cherehani, na tangu kiharusi kimwangushe baba yake alishinda kwenye benchi la wodi, akirudi nyumbani anashonea watu nguo huku macho yakimwasha. Baba alikuwa dereva wa malori, wenzake wakimwita Breki kwa kuwa hakuwahi kugonga hata kuku. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Nesi wa zamu, mama wa makamo aliyevikanyaga viatu vyake visigino, alileta mfuko wa dawa na kueleza mbiombio: hii asubuhi, hii jioni, mgeuze asipate vidonda, uji uwe mzito. "Umeelewa, mwanangu?"

Binti aliitikia kwa kichwa. Kisha akasikia mdomo wake ukisema, "Leo simchukui."

Breki akageuzia uso ukutani.

"Kuna mgonjwa kwenye machela pale koridoni," nesi alisema taratibu. "Anasubiri kitanda hiki. Nikuelewe vipi?"

"Nielewe kwamba maji yamenifika shingoni, mama. Siyo kwamba simtaki baba yangu."

Nesi alitazama mlangoni, akashusha pumzi, halafu akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo binti hakuwahi kuona nesi yeyote akilifanya. "Unaogopa nini hasa?"

"Juzi alipaliwa na maji, mkamkimbilia watatu. Nyumbani nitamwita nani?" Akapunguza sauti. "Na kumwogesha. Mimi ni binti yake. Nitamtazamaje?"

Sauti ya kukokota ikatokea ukutani. "Na mimi... nitakutazamaje?"

Nesi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Tunapanga safari, kumbe dereva hatujamuuliza. Mzee, unataka nani akuogeshe?"

"Kaka yake."

Kaka huyo aliuza vipuri, na tangu baba alazwe alikuwa "njiani, nakaribia kufika." Binti alimpigia. Kaka alipoanza kuhesabu shughuli zake, nesi aliichukua simu akaiweka sikioni mwa mzee.

"Njoo," Breki alisema.

Walipokuwa wakimsubiri, nesi alimfundisha binti kumgeuza baba yake: goti likunjwe kwanza, mkono nyuma ya bega, ndipo avutwe. Mara ya kwanza alimvuta kama gunia, mzee akaguna. "Rudia," nesi alisema. "Mimi kwako sitakuwepo." Akarudia mpaka mgongo ukamuuma. Akafundishwa kulisha: mzee akae wima, kidevu chini, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo aongezwe.

Kaka alifika akinuka oili, asijue aweke wapi mikono. Alimbeba baba yao mpaka kiti cha magurudumu, na kabla hawajatoka mlangoni yule wa koridoni alikuwa ameshalazwa kitandani.

Jioni nyumbani, kaka alimwogesha mzee nyuma ya pazia. Binti alisikia maji yakimwagika. Kaka alitoka macho mekundu, akaahidi kurudi asubuhi. Huenda angerudi.

Binti akabaki na bakuli la uji. Kijiko cha tatu, Breki akapaliwa. Uso ukamwiva, jicho likamtoka. Binti alitaka kupiga kelele, lakini nani angesikia? Akamwinamisha mbele, akamshika kifua, akamwambia, "Kohoa, baba. Kohoa tena." Mzee akakohoa mpaka uji ukaruka shukani, pumzi ikarudi.

Walikaa hivyo wameegemeana, wote wawili wakihema.

"Tuache?" binti aliuliza.

Breki alitikisa kichwa. "Pole... pole," alisema, akafungua mdomo.