Makala Ambayo Sikuituma

Profesa aliyenisimamia alinipongeza mbele ya wodi nzima kwa makala ambayo sikuwa nimeituma. Kilikuwa kikao cha asubuhi, wauguzi wa zamu ya usiku wakiwa bado wamesimama mlangoni na mikoba begani. Alisoma kichwa cha makala na jina la jarida lililoikubali kutoka kwenye simu yake, polepole, kama mtu anayesoma jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Watu walipiga makofi. Mfukoni mwa koti langu kulikuwa na karatasi yenye hesabu, na hesabu hizo zilionyesha kwamba alichokuwa akikisoma hakikuwa kweli.

Mwenzangu katika masomo ya ubingwa aliniinamia sikioni. Tulimwita Muhuri, kwa sababu nyaraka zake zilikuwa zimegongwa kabla sisi wengine hatujajua ofisi iko wapi.

"Dada, ulikuwa unatuona sisi wahuni," alinong'ona. "Kumbe na wewe mlango wa uani unaujua."

Chuo chetu kilikuwa kimeweka sharti mwaka ule: hakuna kuhitimu bila barua ya jarida lililokubali makala kutoka kwenye tasnifu yako. Nia ilikuwa njema. Tasnifu za waliotutangulia zilijaa kabati za maktaba, zimejalidiwa vizuri, na hakuna aliyezifungua isipokuwa mwanafunzi anayetafuta namna ya kupanga ukurasa wa shukrani. Jarida, walisema wakubwa, litatulazimisha kufanya kazi safi. Haikuchukua muda wanafunzi wakagundua jarida linalokubali makala kwa siku mbili. Tuliliita Chapchap. Muhuri alipeleka huko utafiti wa wagonjwa mia mbili ambao hakuna hata mmoja aliyehama, aliyekufa wala aliyekosa siku ya kliniki.

"Wagonjwa wangu wana nidhamu," alisema tulipomuuliza, na hakucheka.

Mimi nilipeleka yangu kwenye jarida linalosomwa, nikangoja.

Utafiti wangu ulikuwa mdogo na, niliamini, safi. Mtoto mchanga mwenye manjano hulazwa chini ya taa ya bluu mpaka kiwango cha manjano kwenye damu kishuke. Manjano yakizidi huingia ubongoni. Mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza, mgongo ukajipinda kwa nyuma, na hapo taa haisaidii tena. Swali langu lilikuwa hili: ukimgeuza mtoto kila baada ya saa mbili, mwanga umpate tumboni na mgongoni, je, atapona haraka? Nusu ya kwanza ya mwaka hatukuwageuza watoto. Nusu ya pili tuliwageuza. Manjano ya waliogeuzwa yalishuka siku nzima mapema. Profesa alipoliona jedwali alivua miwani.

"Binti yangu," alisema, "hii itabadilisha wodi."

Kisha yakaja maoni ya jarida. Mhakiki mmoja, ambaye sitamjua jina kamwe, aliandika mstari mmoja tu: damu zote zilipimwa kwa mashine ileile? Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikatafuta mahali pa kukaa. Mashine ya maabara ilikuwa imebadilishwa katikati ya mwaka. Nilijua. Siku wanaiingiza nilikuwepo, niliwashikia mlango. Haikunijia kwamba ilikuwa inaingia katikati ya utafiti wangu pia.

Ile ya zamani ilikuwa bado stoo. Nilimwomba fundi aiwashe, nikapima damu zilezile kwa mashine zote mbili kwa wiki nzima. Mpya ilisoma chini kila mara. Nilipoirekebisha tofauti hiyo kwenye hesabu, ile siku nzima ikayeyuka. Kumgeuza mtoto hakukuwa kumesaidia chochote. Kulikuwa kumewachosha wauguzi tu.

Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa mfukoni. Kikao kilipoisha nilimfuata Profesa ofisini kwake.

"Nilikuona unachelewa," alianza kabla sijafungua mdomo. "Wenzako wanapimwa majoho, wewe bado unangoja jarida kubwa. Nikaipeleka Chapchap. Najua hukuniomba. Mzazi haombwi."

Nilimpa karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, hilo lazima niliseme, na aliielewa, kwa sababu alikuwa daktari mzuri. Aliikunja mara mbili akanirudishia.

"Majarida kama yale hayasomwi na mtu," alisema. "Ni karatasi ya kwenye faili. Vaa joho lako, uende ukatibu watoto."

"Profesa, ni uongo wenye jina langu."

"Na langu. Mbona mimi nalala?"

Niliwaandikia Chapchap waiondoe makala, nikaeleza sababu, nikaambatanisha hesabu. Walijibu siku hiyohiyo. Walinishukuru kwa mchango wangu adhimu katika sayansi, wakanialika niwe mjumbe wa bodi yao ya wahariri.

Nikaenda kwa mkuu wa kitivo. Alinisikiliza, akaita kikao cha kitivo, na kikao kikaikubali hoja yangu kwa namna yake: kama makala si sahihi, basi sharti halijatimizwa. Jina langu liliondolewa kwenye mahafali. Makala ilibaki.

Mama alikuwa ameshawaalika ndugu.

"Sasa umefeli au umefaulu?" aliuliza kwenye simu.

"Nimefaulu, mama, ila nimekataa."

"Hayo, mwanangu, nitawaelezaje wajomba zako?"

Nilitengeneza upya makala, na mashine zote mbili ndani yake, nikairudisha kwenye jarida lililoniuliza swali. Waliikataa kwa heshima. Kazi ni makini, waliandika, ila matokeo hayaleti jambo jipya. Nikaipeleka kwingine, na kwingine tena. Kumbe kutosaidia si habari. Mwaka uliofuata nilihitimu kwa makala nyingine, juu ya jambo ambalo hakuna aliyelibishia na hakuna aliyelihitaji. Muhuri, wakati huo, alikuwa ameshaanza kusimamia tasnifu za wengine.

Miaka ikapita, nikaajiriwa kama bingwa katika hospitali ya mji mwingine. Siku ya kwanza kuzunguka wodi ya watoto wachanga nilimkuta daktari kijana akimwandikia mtoto ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama mtu alikuwa ameshafunga mzigo, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Damu ya leo imesemaje?" niliuliza.

"Hatupimi tena, daktari. Huyu amegeuzwa kila saa mbili. Waliogeuzwa tunawaruhusu siku ya pili."

"Nani kasema?"

Alinionyesha bango ukutani, kwa adabu. Lilikuwa limechapwa vizuri na kufunikwa kwa plastiki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la Chapchap, jina la Profesa, na langu.

"Huyo wa mwisho ni mimi," nilisema.

Uso wake ulichanua kweli. "Ni wewe? Nimekunukuu kwenye tasnifu yangu!"

"Utafiti ule una makosa. Mpime tena."

Alilitazama bango, akanitazama mimi. Hakuwa mjeuri. Alikuwa amefundishwa kama nilivyofundishwa, kwamba neno la mkubwa halitoshi.

"Kuna makala inayosema hivyo, daktari?"

"Hakuna."

"Basi..." alisema, na akawa muungwana kiasi cha kutomalizia.

Nilinawa mikono, nikamtoboa mtoto kisigino mwenyewe. Mama yake aligeuza uso. Tone lilichelewa kutoka. Majibu yalirudi kabla ya adhuhuri: manjano yalikuwa yameshuka vizuri, mtoto alikuwa salama kwenda nyumbani. Kijana alinikabidhi karatasi bila maringo yoyote, na ningependelea maringo. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, upande wowote. Ningemfelisha mwanafunzi yeyote anayedai vinginevyo.

Nilisaini ruhusa. Kisha nikasogea kwenye kitanda kilichofuata, ambako muuguzi alikuwa akimgeuza mtoto kwa uangalifu mkubwa, nikamwomba anishikie mguu wa mtoto, nimtoboe kisigino na huyo.