Mkasi wa Utepe Mwekundu

Msimu wa majani kupukutika ukifika, mikasi yangu huanza kupotea. Nauza nyama ya nguruwe ya kuchoma hapa Goesan, mji mdogo wa Korea, na nyama yenyewe tunamkatia mteja mezani kwa mkasi, kwa hiyo kila meza ina wake. Huu ndio msimu wa kuhama: joto limekwisha, baridi haijakaza, na kila mwenye nyumba anataka auze kabla ya theluji. Nyumba ikigoma kuuzika, mwenyewe hutafuta mgahawa unaojaa watu, akaiba mkasi mmoja bila kuonekana, akauning'iniza kichwa chini mlangoni kwake. Wateja wanaofurika kwangu wamfuate na yeye. Nimeshaona wake za walimu, watu na heshima zao, wakiutia mkasi kwenye mkoba huku wananiuliza mama hajambo.

Sikasiriki. Anayenichochea ni Yeon-ok, anayenisaidia jikoni.

"Mal-suk, nusu ya mji huu imeuzwa kwa mikasi yako," aliniambia. "Nenda kwa dalali ukadai chako."

"Atanipa nini?"

"Akupe hata asante. Watu hawana haya."

Mwaka huu ulipotea mmoja tu, lakini huo uliniuma, maana ulikuwa mkali na mkono wangu ulishauzoea. Mpini wake ulipasuka siku chache baada ya sikukuu ya mavuno, nikauzungushia utepe mwekundu, ule wa mafundi umeme. Haikupita wiki, haupo. Nilimshuku mwanamke wa duka la dawa aliyekuwa anauza nyumba yake, na kila alipokuja kula nikamkatia mapande ya kumkaba koo. Maskini, alikuwa hana hili wala lile.

Nyumbani niliishi na mama. Mimi ni msichana wa tatu kwetu, na jina langu wazazi walinipa kwa maana kwamba wasichana sasa basi, waishie hapa. Dua ikapokelewa: nyuma yangu akaja Seong-pil, mvulana, na tangu siku hiyo yai likichemshwa moja nyumbani, lilijulikana la nani. Sikulalamika. Nilikua, nikaolewa, nikaachika, nikafungua mgahawa Cheongju, ukashika. Ndipo mama akaanguka akavunjika nyonga. Dada zangu wako mbali, Seong-pil yuko Suwon na mke wake. Mama alinishika mkono mbele ya picha ya baba, akasema, "Rudi, mwanangu. Ukinitunza, nyumba hii ni yako." Nikafunga mgahawa wangu nikarudi, nikafungua huu wa hapa Goesan.

Nyumba ilikuwa inavuja. Nilibadilisha vigae, nikajenga bafu ambalo mtu mwenye nyonga mbovu anaweza kuingia bila kushikiliwa, nikafumua sakafu yote na kutandaza chini yake mabomba mapya ya maji moto ya kuipasha joto. Mama alilala juu ya sakafu ile siku ya kwanza akasema mgongo wake umerudi ujanani. Hata siku moja sikujiona napoteza. Nilikuwa nakarabati kwangu.

Dalili zilikuwepo, nami sikuzisoma. Kila mwaka tunaagiza kabichi mapema kwa ajili ya kimchi, kabichi ya kuchachusha na pilipili, ya kupitishia baridi, na kila mwaka mama hugombana na mkulima kwamba hazitoshi. Mwaka huu alisema, "Kidogo tu. Au tuache." Nilidhani uzee umemfika, anajihisi hataimaliza baridi. Nikamnunulia dawa ya nguvu ya mizizi, ile ya bei, nikawa namsimamia anywe kila asubuhi. Aliinywa bila kunitazama.

Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika. Huwa naenda kwenye bafu la umma, najiloweka mpaka mchana. Jumatatu hiyo nikakuta wamefunga, tangi la maji moto limeharibika, nikarudi nyumbani na taulo langu kavu. Mlangoni nikakuta viatu vya watu nisiowajua. Ndani alikuwepo Bi Noh, dalali ambaye mji mzima unamjua, pamoja na mume na mke kutoka Seoul, nadhifu, wanaongea taratibu.

"Wamekuja kununua soya ya kuchacha," mama akasema haraka. "Wamesikia mitungi yangu inasifiwa."

Mtu aliyekuja kununua soya haingii bafuni akafungua bomba na kusikiliza maji yanavyoshuka. Yule mume alikuwa anagonga ukuta kwa vidole. Mke alivua soksi, akakanyaga sakafu.

"Inashika joto vizuri?" akauliza.

"Sana," mama akajibu. "Ni mpya kabisa."

Bi Noh akaniuliza biashara inaendaje, macho yake yakiwa kwenye dari.

Walipotoka nikazunguka nyuma ya nyumba nikampigia Seong-pil. Kwangu haikuwa na shaka. Duka lake la kuku wa kukaanga lilikuwa limefungwa tangu majira ya kuchipua, na huyu ndugu yangu kila akikwama hutazama kusini, kwa mama.

"Seong-pil, umemtuma dalali huku?"

"Dada, niko kazini."

"Umepata kazi? Hongera. Umemtuma au hukumtuma?"

"Sikumtuma mimi."

"Mama amevuka themanini. Ukiuza nyumba yake utamweka wapi? Kwenye friza uliyokuwa unawekea kuku?"

Nilimsikia anatoka nje na kufunga mlango.

"Dada, zungumza na mama."

"Nazungumza na wewe."

"Nakuomba. Zungumza naye kwanza."

Nikamkatia simu. Nikaenda nikapiga magoti karibu na mama nikamwambia asiogope, mimi nipo, hakuna mtu atakayemtoa kwenye nyumba hii hata kama ametoka tumbo moja na mimi. Akaniuliza kama nimekula.

Jioni hiyo ubaridi ulishuka, nikaenda kwenye kabati la viatu kutafuta buti zangu. Nilipofungua mlango wa kabati, kitu kikagonga mbao. Ulikuwa mkasi, umening'inizwa kichwa chini kwa uzi wa kushonea. Mpini wake ulikuwa na utepe mwekundu.

Jambo la kwanza nililofikiri ni Seong-pil tena. Alikuja sikukuu ya mavuno, nikamlisha mgahawani yeye na mke wake mpaka wakalegeza mikanda. Ameuiba hapo, nikasema, ameuiba akauleta huku. Nilikuwa nimeshashika simu. Halafu nikautazama utepe. Niliufunga mwenyewe, kwa mkono wangu, baada ya Seong-pil kurudi Suwon, na tangu hapo hajakanyaga Goesan.

Aliyekuja baada ya hapo ni mama. Alikuja mchana mmoja na mkongojo wake, akasema ana hamu ya nyama. Nilifurahi, maana hamu ya kula ni dalili nzuri. Nilimkalisha meza ya karibu na mlango nikamkatia kwa mkasi ule ule, vipande vidogo vidogo kwa sababu ya meno yake. Nilipokwenda jikoni kumletea mchuzi ndipo alipoutia kwenye mkoba.

Nilimkuta sebuleni anafuta pilipili kavu kwa kitambaa, moja moja, anazipanga kwenye mfuko.

"Za nani hizo?" nikamuuliza.

"Za Seong-pil. Mke wake hajui kuchagua pilipili."

Nikaketi mbele yake. Hasira ilikuwa imenijaa, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Mama, mkasi wangu uko kwenye kabati la viatu."

Hakushtuka. Alimaliza pilipili aliyokuwa nayo mkononi.

"Mwenye nyumba wao kule Suwon anawatoa," akasema. "Seong-pil na mke wake na watoto. Bila pesa ya nyumba hii watalala wapi?"

"Na mimi nitalala wapi?"

"Una chumba juu ya mgahawa."

"Pale naweka magunia ya mkaa, mama."

"Utayatoa. Wewe tangu mdogo hujawahi kushindwa kitu. Ningekuwa na wasiwasi na wewe, nisingefanya hivi. Wewe una mikono. Yule hana mikono."

"Mikono hii ndiyo iliyotandaza sakafu unayoikalia."

"Najua."

"Uliniambia nyumba hii ni yangu. Mbele ya baba."

"Nilikuwa nimevunjika," akasema. "Mtu aliyevunjika anasema mengi." Akachukua pilipili nyingine, akaifuta. "Nitaenda kukaa na mwanangu. Mama hukaa kwa mwanawe."

"Mimi ni nani?"

Akaendelea na pilipili zake. Nilisimama niende mlangoni, naye akaniita, akidhani naenda kuushusha mkasi.

"Mal-suk, uache hapo kwanza. Wale watu wanarudi keshokutwa."

Nikauacha. Sijui vizuri ni kwa nini. Nadhani nilitaka kuona kama ataushusha mwenyewe usiku, akinisikia nalia upande wa pili wa ukuta, maana nililia na sikujificha. Asubuhi nilipoenda kuvaa viatu ulikuwa bado pale, umetulia.

Nyumba iliuzika. Yeon-ok aliposikia aliacha kabisa utani wa mikasi. Nilitoa magunia ya mkaa, nikapiga chokaa. Siku ya kuhama mama na Seong-pil waliichagua kwa kalenda ya zamani, siku isiyo na mkosi, ile ambayo nchi nzima inagombania magari ya mizigo. Niliifungua biashara mapema ili nisiwepo. Mitungi ya soya mama aliwaachia wenye nyumba wapya, kwa kuwa kwa Seong-pil hakuna ua.

Mchana, mgahawa umejaa, mlango ukafunguliwa akaingia mama. Nyuma yake kupitia kioo nililiona gari la Seong-pil, injini inaunguruma, naye ndani ameangalia mbele. Mama alikuwa amevaa koti lake zuri. Alikuja mpaka kaunta kwa mkongojo, akatoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka mbele yangu na kuifungua leso taratibu. Alikuwa ameusugua mkasi mpaka unang'aa. Utepe ulikuwa mpya, mwekundu vile vile, umefungwa vizuri kuliko nilivyoufunga mimi.

"Nimekurudishia," akasema. "Sijawahi kuchukua kitu cha mtoto wangu nisirudishe."

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anasema kwa uchungu au kwa haya. Alikuwa anasema kweli yake. Alisubiri kidogo, labda nimwambie asante, kisha akaikunja leso akairudisha mkobani.

Meza ya karibu na mlango walikuwa wananiita, nyama yao inaungua. Nikauchukua mkasi nikaenda kuwakatia.