Ngoma Katika Nyumba ya Suud

Mwaka wa tatu tangu atoke Unguja, Bi Masouda alimwoza binti yake Aliya hapa Maskati. Ilikuwa 1967, na mjini ngoma hazikupigwa bila ya ruhusa. Shemeji yake Suud, mwenye nyumba, alikwenda kuiomba mara mbili, akaambiwa asubiri. Harusi haisubiri. Wanawake wa Kiunguja wakakubaliana wapige kidogo tu, asubuhi, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magodoro.

Wakapiga. Bi Masouda akajisahau, akainuka kucheza mpaka jasho likamtoka. Hodi ya kwanza hakuna aliyeisikia. Ya pili ilikuwa ya kitako cha bunduki.

Bi Masouda akakimbilia nyuma ya pazia. Ndivyo walivyogongewa kule Unguja siku aliyochukuliwa mumewe. Yeye alijibanza uvunguni, kamziba Aliya mdomo, na mpaka leo hajui mume kazikwa wapi.

Suud akafungua. Askari aliingia hadi ukumbini, akauliza kwa Kiarabu ngoma ni ya nani. Suud akasema ni yake. Bi Masouda, nyuma ya pazia, alisikia sauti yake mwenyewe ikimtoka kabla hajaamua.

"Si kweli. Ngoma ni yangu, na nimepiga mimi. Kama kuna wa kuchukuliwa, nichukue mimi."

Askari hakugeuka hata kumtazama. Aliikwapua ngoma, akamwashiria Suud atangulie.

Nikaha ilikuwa ifungwe baada ya alasiri, na Suud, ami wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Adhuhuri ikaadhiniwa, hajarudi. Wageni wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa uani, wamejifunika nyuso. Akabaki jirani, bibi mmoja akiitwa Nasriya, anavuta tasbihi. Wali ukapoa sufuriani.

Aliya alikaa na hina mikononi, haijakauka. "Mama, ami atarudi?"

Bi Masouda alitaka kusema ndiyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwambia mtoto huyu kwamba hapa wamefika salama.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nnaogopa."

Aliya akamsogelea, akamwegemea begani, mikono kaiweka mbali asimchafue.

Alasiri imeshaadhiniwa, Suud akaingia, miguu mitupu, kilemba kakibana kwapani. Huko walimlazimisha atie kidole gumba kwenye karatasi: ikisikika ngoma tena, yeye na jamaa zake wote watatolewa nchini. Hakuna aliyeuliza watatolewa kwenda wapi. Akaoga, akafunga kilemba, akaenda msikitini kuozesha.

Kabla ya magharibi wakampeleka Aliya kwa mumewe kwa miguu, wanawake watano pamoja na wageni wawili waliorudi, bila wimbo wala kigelegele. Nasriya alianza kuimba chini kwa chini, Bi Masouda akamshika mkono anyamaze. Alitembea nyuma yao, akishtuka kila mlango ulipofunguliwa, mpaka alipomkabidhi mwanawe.