Nani Atasema Turudi

Ukimwita kwa jina lake huenda asigeuke, maana mtaa mzima unamjua kama Maswali. Ni mwoka mikate, na ukienda kwake mbio kununua mkate mmoja utachelewa tu, kwa sababu atataka kwanza kujua ule wa jana mliula na nini, na nani aliacha ganda. Kwa hiyo wifi yake, dada wa mumewe, alipoingia jikoni na ramani ya mlima kwapani, alikuwa amejipeleka mwenyewe.

Wifi huyo alikuwa msusi. Mwaka uliopita mapafu yalimlaza hospitali muda mrefu, hadi ndugu wakaanza kunong'ona kwenye korido. Akapona. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: kupanda ule mlima mrefu wa theluji kwa miguu yake mwenyewe. Daktari alikubali, mradi asiende kwa pupa. Mwongozaji wa wapanda mlima alimpa njia mbili achague, na jibu alilitaka kesho yake.

"Ya siku nne au ya siku saba," wifi alisema, akitandaza ramani juu ya meza ya kukandia. "Kaka anasema nne. Atanisindikiza yeye."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi naona mistari tu."

Kweli ilikuwa mistari, imezungukana, kila mmoja na namba yake. Maswali aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Mbona hapa imebanana na kule imeachana?"

"Kila mstari ni kimo chake. Ilipobanana ni mteremko mkali. Ndivyo nilivyoambiwa, lakini wifi, kuambiwa si kuona."

Hilo lilimkaa Maswali. Alichukua donge la unga uliokandwa, akalisukuma, akakata kipande kwa kufuata mstari wa nje kabisa. Akasukuma jingine, akakata kipande kidogo zaidi kwa mstari wa ndani yake, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Wifi alikunja mikono ya blauzi, akashika kisu cha pili. Baada ya muda mlima ulikuwa umesimama mezani, umeinama kidogo upande wa dirisha, na wote wawili walikuwa weupe hadi kwenye nyusi.

Mume aliingia kutoka kazini na spana yake ya bomba mkononi. Akautazama mlima. "Hii inaiva saa ngapi?"

"Iguse ulale na njaa!" walimjibu kwa pamoja. Mawifi hawa kuafikiana neno moja halikuwa jambo la kila siku katika nyumba hiyo, basi akavuta kiti akakaa.

Maswali alichora njia kwa kijiti. Ile fupi ilipanda moja kwa moja, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ile ndefu ilizunguka mgongoni mwa mlima, ikapanda hadi kwenye mwanya kati ya vilele viwili, kisha kijiti kikaanza kushuka. Akakisimamisha.

"Ngoja. Mnapanda mpaka hapa juu, halafu mnashuka kulala huku bondeni? Kesho mnapanda tena palepale? Huyu mtu analipwa na wauza viatu?"

Asingeweza kulala na swali hilo. Alimpigia simu mwongozaji, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

Mwongozaji alicheka. "Dada, ukiwa juu mwili unajifunza hewa haba. Ukishuka unapumzika na kile ulichojifunza. Wanaopanda tu bila kushuka, wengi huumwa kichwa na kutapika. Wengine tunawashusha kwa machela."

"Na aliyeugua mapafu?"

"Huyo apite njia ndefu. Na anitajie mtu wake mmoja."

"Wa nini?"

"Hewa ikipungua, akili nayo inapungua. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Mimi nitamwona akianguka, lakini mtu wake atamwona kabla. Kwa hiyo kila anayepanda na mimi anachagua hukuhuku chini: mtu huyo akisema turudi, tunarudi, hakuna mjadala."

Simu ilipokatika, mume aliinuka. "Si nipo? Nitaomba ruhusa kazini. Saba ni saba."

Wifi alimtazama kwa mapenzi ya wazi. "Kaka, tangu utoto hujawahi kuninyima kitu. Nikikulilia kwenye ule mwanya kwamba bado kidogo tu, utafanyaje?"

Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Nitakubeba."

"Unaona?" Kisha wifi akamgeukia Maswali. "Nilipokuwa kitandani, wote mlikuja kuniambia nimependeza. Wewe peke yako uliniuliza kama nimeshaamua watoto wangu watakaa na nani."

Maswali aliona aibu ikimpanda shingoni. "Ulinifukuza."

"Nilikuchukia, wifi. Miezi mingi. Lakini baada ya wewe kutoka niliamua, na usiku ule ndio nililala." Alifuta unga kwenye vidole, kimoja kimoja. "Nimtajie wewe?"

Maswali alikiweka kijiti mezani. Alitamani kwenda, alitamani kuuona huo mgongo wa mlima kuliko alivyowahi kutamani kitu. Na aliogopa, kwa sababu alimjua wifi yake, na alijua kile kilele kilikuwa na maana gani kwake.

"Nikisema turudi," aliuliza polepole, "na kilele kiko pale, tunakiona?"

"Nitakutukana."

"Halafu?"

"Halafu nitageuka."